Katikati ya Nini?

Mimi ni mpiga chapa. Ndivyo shangazi yangu anavyonitambulisha kwa watu, ingawa mashine yenyewe ya taipu niliiona mara ya mwisho ikiwa imewekewa chungu cha maua juu yake. Mwaka 2019 nilikuwa nimejishikiza kwenye steshenari moja ya uchochoroni, Kariakoo, nikiandika barua za kuomba kazi za watu wengine. Unanielewa, msomaji? Mchana kutwa nawaombea wenzangu kazi, jioni nakwenda kwa miguu mpaka Ilala kwa sababu nauli imeishia kwenye chipsi kavu.

Sasa kwenye ile steshenari kulikuwa na bunda la karatasi aliloliacha kijana aliyenitangulia, mafunzo ya kutengeneza kurasa za intaneti, yamechapwa zamani na kuliwa pembeni na mende. Wateja wakipungua nilikuwa nayasoma. Nikajaribu hiki, nikajaribu kile, kompyuta ya bosi ikanitii. Basi kichwa kikavimba. Nikamwendea shangazi, ambaye ana fremu ya kanga karibu na Mtaa wa Uhuru, nikamwambia, “Shangazi, nitakutengenezea ukurasa. Mtu wa Tanga, wa Mwanza, wa Muskati, atachagua kanga zako amekaa kwake.”

Shangazi si mtu wa kurukia mambo. Aliniuliza maswali matatu, yote ya hela, kisha akafungua pindo la kanga aliyojifunga akatoa shilingi elfu arobaini. Na akafanya jambo lililonitia hofu kuliko zile hela: aliwaambia wafanyabiashara wenzake wawili kwamba mtoto wa kaka yake anajua mambo ya kompyuta, wasubiri waone ya kwake kwanza. Yaani jina lake ndilo lililowekwa rehani.

Na hapa kwenye jina ndipo mambo yalipoharibikia.

Kwa asiyeijua kanga (wapo, msicheke), ina pindo linaloizunguka pande zote nne, ina mji ambao ndio uwanja wa kati, na ndani ya mji, kwa upande wa chini, lina jina lake, yaani yale maneno. Zamani kanga hazikuwa na maneno. Anayetajwa kuwa mwanzilishi wa kuyaandika, mwanzoni mwa karne ya 20, ni mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye wateja walimjua zaidi kwa jina la Abdulla. Kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kirumi. Tangu hapo rangi unaweza kuipenda ukaiacha dukani, lakini jina likikuchoma unatoa hata hela ya sukari. Na mwenzio akikuletea doti ya zawadi, soma kwanza ndipo ushukuru.

Kwa hiyo nilipopiga picha za kanga za shangazi nikaona majina hayasomeki vizuri, nikaamua kila picha niiandikie jina lake upya juu yake, kwa herufi kubwa nyekundu, likae katikati kama linavyokaa kwenye kanga yenyewe. Rahisi, siyo? Ndugu yangu, nilikesha.

Mwanzo niliamuru maneno yakae kati. Yakakaa, lakini kati ya kisanduku chao, na kisanduku chenyewe kikabaki kimejibanza pembeni kushoto. Ni sawa na kumwambia abiria akae katikati ya kiti wakati daladala limeegeshwa mtaroni. Ndipo kwenye zile karatasi za mende nikakuta mbinu ya wajuzi. Ilisema hivi: kiondoe kisanduku kwenye mpangilio wa kawaida, kianzie nusu ya ukurasa, yaani asilimia 50 kutoka kushoto, halafu, kwa kuwa sasa kinaanzia kati badala ya kukaa kati, kirudishe nyuma kwa nusu ya upana wake. Kisanduku changu kilikuwa na upana wa pikseli 600, vile vitone vinavyopimia kioo. Nikakirudisha nyuma 300. Kikatua katikati ya kioo cha kompyuta ya bosi, sawia kabisa. Nilipiga makofi peke yangu usiku ule.

Simu yangu ilikuwa kwa fundi, Mtaa wa Aggrey. Sikuona haja ya kuazima ya mtu.

Kanga niliyoitanguliza juu kabisa ilikuwa ya bluu na nyeupe, nzuri sana, na jina lake lilikuwa SINA UGOMVI NA JIRANI. Niliichagua kwa rangi tu, naapa. Lakini lazima mjue kwamba fremu ya pili kutoka kwa shangazi anauza mama mmoja, sitamtaja, tumwite Jirani, na kwamba wiki mbili kabla ya hapo wawili hao walikuwa wamekwaruzana juu ya lile sanamu la kuvalishia madera. Jirani alilisimamisha mpakani, likaziba kanga za shangazi zilizotundikwa. Mambo yalikwisha, au tuseme yalifunikwa. Wale ni watu wa kuazimana chenji na kulindiana duka wakati wa swala. Kariakoo huwezi kuishi bila jirani. Utafunga duka mara tano kwa siku na wateja watapitiliza.

Jumamosi asubuhi ukurasa ukaenda hewani, shangazi akausambaza kwa WhatsApp. Jirani akafungua kwenye simu yake, kioo cha upana wa pikseli 360. Fanya hesabu nami: nusu ya 360 ni 180. Ukitoka hapo ukarudi nyuma 300, unafika hasi 120. Yaani kisanduku kilianzia pikseli 120 nje ya kioo, upande wa kushoto, na neno SINA lote lilikuwa huko nje. Mama wa watu aliona UGOMVI NA JI. Akasukuma kwa kidole kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angefanya, RANI ikaja. Neno la kwanza halikuja, wala lisingekuja hata angesukuma mpaka Idd. Ukurasa unaanza kuhesabiwa kwenye ukingo wa kushoto. Kinachozidi kulia unaweza kukifuata, kilichotokeza kushoto ya mwanzo hakifikiki. Na mimi, mjuaji, nilikuwa nimeandika lile agizo la kuiambia simu itumie upana wake wenyewe, hivyo hata ule msaada wa simu kuupunguza ukurasa mzima uenee kwenye kioo nilishauondoa.

UGOMVI NA JIRANI. Juu ya duka la shangazi yangu, mbele ya dunia nzima.

Sikuwepo walipokutana. Nilisimuliwa na kijana anayeuza maji pale nje, naye anaongeza chumvi, kwa hiyo nitaacha. Ninachojua ni kwamba nilipofika saa sita lile sanamu lilikuwa limerudi mpakani, sasa limevishwa dera jeusi, na shangazi alikuwa amefunga fremu akaenda kuswali. Amefunga! Kwa kufuli! Aliporudi hakunifokea. Alisema, “Baba, hebu nisomee hapa pameandikwa nini,” akanipa simu. Nikasoma. Akasema, “Haya.” Kama unawajua shangazi, unajua kwamba hiyo “haya” ni mbaya kuliko kofi.

Nikakaa barazani kwa fundi cherehani, anayewakunjia wateja pindo. Kanga huuzwa doti, mbili zimeungana kama zilivyotoka kiwandani. Wewe unazikata na kuzikunja. Sikwenda pale kutafuta elimu, nilikwenda kwa sababu palikuwa na kivuli. Lakini nikawa namtazama. Mteja alimpa doti, akashika ncha hii na ncha ile, akazikutanisha, akapitisha kiganja palipojikunja. Mkasi ukapita. Nikamuuliza, “Fundi, mbona hujapima?”

“Nipime nini? Inajipima yenyewe.”

Nikamuuliza habari za jina, atajuaje limekaa kati. Akaichukua ile moja, akaikunja upande kwa upande, pindo la kushoto likalalia la kulia. Mkunjo ukapita katikati ya maneno. Mwingine angekuja na kanga fupi kidogo, au ya mtoto, angefanya vilevile. Hakuwa na namba hata moja kichwani. Mimi nilikuwa na 50, 600 na 300, zote zimetoka kwenye kioo kimoja cha bosi wangu.

Nilirudi steshenari nikayapitia makosa yangu, na yalikuwa mawili. La kwanza ni hizo namba. La pili lilijificha zaidi: sikuwahi kuuliza, katikati ya nini? Kisanduku ukikiondoa kwenye mpangilio na kukipa nafasi yake maalumu, hukitafuta kile kilichokizunguka kwa karibu kilichotangazwa kuwa kipimo chake. Kisipokiona kinapanda juu, kinapanda, mwisho kinajipima kwa ukurasa mzima. Kama mtu anayeulizwa kwao wapi, kakosa mtaa, kakosa wilaya, anajibu Tanzania. Jina langu lilikuwa linajipima kwa ukurasa mzima badala ya kujipima kwa kanga yake. Kwenye kompyuta sikuona tofauti kwa sababu picha nayo ilikuwa katikati. Bahati hiyo ndiyo iliyoniponza.

Basi nikafuta. Picha ya kanga nikaizungushia kisanduku, nikakitangazia kwamba wewe ndiwe mji. Jina nikaliweka ndani yake, upana wake usizidi asilimia 100 ya mji huo, na pambizo za kushoto na kulia nikaziandikia neno moja tu, auto. Maana yake: nafasi itakayobaki, iwe kubwa au ndogo, igawanywe nusu kwa nusu. Ndiyo mkunjo wa fundi ule.

Baadaye nilisoma zaidi, nikagundua kwamba zile karatasi za mende zilikuwa zimepitwa na wakati. Kwa miaka mingi kuweka kitu katikati, hasa katikati ya juu na chini, kuliwatoa watu jasho duniani kote. Wengine walijenga majedwali ya uongo ili wapate tu chumba cha kati. Mwaka 2017 gridi ilikuwa imeshaingia kwenye vivinjari vikubwa, na kabla yake fleksi, na kazi niliyoikeshea ikawa ya mistari miwili, mitatu. Nilicheka kwa uchungu. Ila kilichonigusa ni habari ya mwanzo kabisa. Mnorwe mmoja, Håkon Wium Lie, alipendekeza CSS mwaka 1994 akiwa CERN kule Uswisi, akaungana na Mholanzi, Bert Bos, na toleo la kwanza likapitishwa Desemba 1996. Tangu lile pendekezo la kwanza wazo lilikuwa kwamba anayeandika ukurasa asiwe na amri yote: apendekeze yake, msomaji naye awe na yake, kivinjari kiwapatanishe. Sisi tunaoandika hadithi hatupendi kusikia hivyo. Tunataka msomaji akae pale tulipomwekea kiti. Jirani alikuwa amekaa kwake, na kioo chake, na ugomvi wake wa wiki mbili nyuma, na hakuna kati ya hivyo nilichokiulizia.

Nilimpelekea shangazi kazi mpya. Simu ilikuwa imeshatoka kwa fundi. Akatazama, akatikisa kichwa. Neno lote lilikuwepo, ila kwa kuwa kioo ni kidogo lilikuwa limevunjika mistari miwili: SINA UGOMVI juu, NA JIRANI chini.

“Jina la kanga halikunjwi kama barua ya serikali,” alisema. “Mstari mmoja.”

Nikamweleza habari za upana. Akanijibu kwamba maneno yakiwa mengi kanga haiongezwi, herufi ndizo hupunguzwa. Alisema kweli, fungua kabati la mama yako uone. Nikarudi nikafunga ukubwa wa herufi kwenye upana wa kioo, kioo kikipungua nazo zipungue. Hiyo sikuipata kwenye karatasi yoyote.

Kwa Jirani nilikwenda mwenyewe. Shangazi hakunituma, na nadhani angenikataza. “Shikamoo mama.” Kimya kidogo, kisha marahaba ya puani. Nikampa simu. Akaisoma. Akaigeuza ikalala ubavu, jina likapanuka na kubaki pale pale katikati ya mji. Akairudisha wima. Nikamweleza zile pikseli 120, kwa vidole, juu ya meza yake ya madera, kwamba neno lilikuwepo siku zote, ila lilikuwa nje ya kioo.

“Na ulijua?”

“Sikujua, mama. Sikutazama kwenye simu.”

Akanitazama muda mrefu. “Kwa hiyo mtu anaandika kitu cha watu, halafu hajakitazama wanakokitazamia watu.”

Sikuwa na jibu. Akanirudishia simu yangu, akaanza kukunja madera yake, moja baada ya jingine, nami nikaaga.

Saa saba kasoro adhana ikaita. Shangazi akachukua kufuli, akasimama nalo mlangoni. Jirani hakusema kitu. Alilivuta lile sanamu ndani, kisha akakisogeza kigoda chake mpaka mahali anapoona milango yote miwili. Si katikati hasa, kilikuwa kimeegemea upande wake kidogo. Shangazi akalirudisha kufuli kwenye ndoano, akaenda kutawadha.