Pwani Chumvi, Ukambani Vumbi

Ufundi wa friji na eesi niliufuata Mombasa mwaka 1994, njia ya vijana wengi wa Ukambani: mjomba ametangulia, unalala chini kwake Changamwe, unambebea mtungi wa gesi mpaka siku akuamini na tochi ya kuchomelea. Wangu alinipa brashi tu. Nilisugua kondensa za hoteli za Nyali na Bamburi kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Pwani adui ni chumvi. Kondensa ni bomba la shaba lililopitishwa kwenye mapezi membamba ya alumini, na upepo wa bahari ukizipata metali hizo mbili pamoja, alumini ndiyo huliwa. Ukigusa kwa kidole, mapezi yanamomonyoka kuwa unga mweupe. Hapo hakuna dawa, ni kubadilisha koili nzima. Gesi unaivutia mtungini, huiachii hewani. Ukichomelea koili mpya, unapitisha naitrojeni polepole ndani ya bomba, maana shaba ikipata moto penye hewa huota magamba meusi ambayo baadaye huziba njia. Unaweka draya mpya ya kunyonya unyevu, unajaza naitrojeni na kupaka povu la sabuni kwenye viungo. Kisha pampu ya vakiumu, ambapo mafundi wengi huishiwa subira. Gesi huingia mwisho, kwa mizani.

Niliporudi Matinyani, Ukambani, kufungua kibanda sokoni, nilikuta vumbi jekundu. Eesi huku ni chache, nyingi ziko Kitui mjini, kwenye maofisi na maabara. Februari, jua likiwaka, simu zote husema neno moja: gesi.

Mama mmoja wa duka la dawa alikuwa ameshajaziwa gesi na fundi mwingine, na chumba bado moto. Nilifunga geji: presha ya upande wa juu ilikuwa imepanda kupita kiasi. Gesi ingekuwa haba, ingeshuka.

"Mwaitu, gesi haiishi yenyewe. Ikipungua, kuna mahali inatoka. Hii yako imezidi."

Nilizima umeme, nikatoa feni. Nyuma ya koili vumbi na nyuzi za magunia vilikuwa vimeshikana kama blanketi. Nilimwagia maji kutoka ndani kwenda nje, taratibu, kwa sababu presha ya kuoshea magari hulaza mapezi na hewa ikakosa pa kupita. Yaliyopinda niliyanyoosha kwa chanuo. Gesi iliyozidi niliivuta.

"Unaosha kwa maji yangu, halafu nikulipe?" akauliza. Maji yenyewe ya kununua kwa mtungi, kwa hiyo sikumlaumu. Alilipa, akinung'unika.

Mashine ile ilikuwa ya R-22, gesi inayokula tabaka la ozoni. Chini ya Itifaki ya Montreal, nchi kama yetu zinatakiwa kuiacha ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mashine za zamani. Na gesi ya R-410A ya mashine mpya zaidi huwezi kuimimina humo, presha yake ni kubwa mno kwa koili hiyo. Ndiyo maana koili yake ilipokuja kutoboka, sikumuuzia nyingine, ingawa faida ingekuwa yangu. Alinunua eesi mpya. Ile kuukuu aliniachia. Nilivuta gesi, nikakata shaba, na wanunuzi wa vyuma chakavu wakanipimia kwa kilo.