Mali Bila Daftari

Je, umewahi kupewa pungufu ya haki yako, ukanyamaza ukidhani kudai ni tamaa? Sisi nusura tufanye hivyo.

Tunaishi California, Marekani. Mwaka 2018 tulinunua gari jipya kwa dola 30,000. Sehemu ilikuwa akiba ya zamu za usiku wodini, sehemu mkopo wa benki. Siku moja lilizima ghafla katikati ya barabara kuu, watoto wakiwa kiti cha nyuma, malori yakitupita kwa kasi. Tulilipeleka gereji ya wakala aliyetuuzia. Lilitengenezwa, likazima tena. Mara nne tulilirudisha. Mara nne tuliambiwa limepona.

Sisi wauguzi tumefundishwa kwamba dawa isiyoandikwa kwenye faili la mgonjwa huhesabiwa kuwa haikutolewa. Basi tangu safari ya kwanza ya gereji tulikuwa na daftari: tarehe, maili, maneno ya fundi, na risiti zote tukazibana humo kwa pini.

Mwaka 2019 tuliiandikia kampuni iliyolitengeneza. Sheria ya California ya mwaka 1970 humtaka mtengenezaji aliyeshindwa kurekebisha gari lenye dhamana, baada ya kupewa nafasi za kutosha, alibadilishe au arudishe fedha, akikata kiasi cha matumizi. Jibu likaja: watalinunua, ila watakata dola 6,000.

Tulifurahi. Baba watoto akashika kalamu. "Mama, tutie sahihi. Tukibishana nao tutakosa vyote." Kwa kweli sisi wageni tulikuwa na hofu, na marejesho ya mkopo hayakungoja. Hatukuafikiana, tukalala tumenuniana.

Asubuhi tulifungua daftari pamoja. Kwa sheria ile, huangaliwa maili ambazo gari lilikuwa limetembea siku lilipopelekwa kwa fundi mara ya kwanza kwa kasoro hiyo. Maili hizo hugawanywa kwa 120,000, kisha huzidishwa kwa bei. Daftari lilisema maili 4,000, yaani dola 1,000 tu. Kampuni ilikuwa imehesabu maili 24,000, za siku ya barua yao.

Hapo likaja jaribu. Gari lilikuwa limewahi kuzima kwenye maili 2,500, mbele ya nyumba, nasi tukapuuza kama mama anayepuuza homa ndogo ya mtoto. "Tuandike 2,500," tulinong'onezana. Tungeokoa dola 375 zaidi. Lakini siku ile hatukulipeleka kwa fundi. Tungedaije haki kwa uongo? Tuliandika 4,000, tukaambatanisha nakala za risiti, tukarudisha ile hati bila sahihi.

Zilikuwa wiki sita ndefu. Ndipo barua ya pili ikaja: makato dola 1,000. Benki ikalipwa deni lake, nasi tukarudishiwa zetu.

Dada, liwe gari, friji au cherehani, andika tangu siku ya kwanza, kipeleke mapema kinachoanza kuharibika, wala usitie sahihi kabla ya kupiga hesabu na mwenzio. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tunaongeza kwamba daftari la kweli humchunga hata mwenye mali.