Neno la Kuombea Pesa ya Utafiti

Kila mwaka, tarehe 15 Septemba, Bunge letu mjini Kinshasa hufungua kikao cha bajeti. Katiba ya 2006 ndiyo iliyoweka siku hiyo, na Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 46, inalinda uhuru wa utafiti wa kisayansi. Uhuru tumepewa. Mafuta ya mtumbwi wa kwenda kupima maji ya ziwa hayamo katika kifungu hicho. Hayo lazima yaombwe. Mimi si mwanasayansi. Nasoma lugha, na nimelelewa Kilwa, kando ya Ziwa Moero. Lakini naona kazi hiyo ya kuomba inatuhusu sisi watu wa lugha kuliko tunavyopenda kukubali.

Tuanze na neno lenyewe. Waprofesa wakiiandikia serikali, wanaandika Kifaransa, na wanadai pesa ya *recherche*. Mkoani kwetu neno hilo lina mwenyewe tayari. Sheria ya madini huita *permis de recherches* ile ruhusa ambayo kampuni inapewa kutafuta shaba au kobalti ardhini. Kilwa haiko mbali na mgodi wa Dikulushi, na watu wake wameshaona madini yakivushwa ziwani kwenda Zambia. Wakiambiwa watu wa *recherche* wanakuja, wanangoja mashine za kutoboa udongo. Mjomba wangu, mvuvi, aliniuliza siku moja:

«Mtoto yangu, hao wa chuo wanatafuta nini majini? Kuna shaba humo?»

«Hapana, mjomba. Wanataka kuhesabu samaki.»

«Samaki mimi namhesabu kila asubuhi.»

Alicheka, lakini jibu lake si la kutupa. Wavuvi wa Moero na Luapula wanajua habari ya mpumbu, samaki aliyekuwa akipanda mto kwa makundi makubwa wakati wa mvua ili kutaga mayai. Alivuliwa akiwa njiani, na mayai yake tumboni, mpaka katikati ya karne iliyopita makundi yale yakaisha. Mvuvi huhesabu samaki aliyeingia wavuni. Aliyebaki majini hamhesabu, na huyo ndiye wa kesho. Hapo ndipo mtafiti anapohitajika. Tena ziwa ni moja na serikali ni mbili: Zambia hufunga uvuvi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, lakini samaki hajui mpaka uko wapi. Bila hesabu inayoaminiwa pande zote mbili, kila upande utasema mwenzake ndiye anayemaliza ziwa.

Mbunge atauliza: nikitoa pesa, mtanipa nini? Hapo ndipo ugumu ulipo, na Goma ilituonyesha. Kituo cha kuchunguza volkano cha Goma kilianzishwa 1986. Mwaka 2020 msaada wa Benki ya Dunia ulikwisha, na kwa miezi kadhaa kituo kilikosa hata pesa ya intaneti ya kuleta habari kutoka kwenye vyombo vilivyowekwa mlimani. Wakuu wake walisema wazi kwamba hawaoni vizuri. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka bila onyo. Watu wapatao 30 wakafa, na baada ya siku chache maelfu kwa maelfu wakaamriwa kuhama mji.

Ni rahisi kusema: mngalitoa pesa, watu wangalipona. Lakini uchunguzi uliochapishwa 2022 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba safari ile mlima haukutoa dalili za kawaida mapema. Hata kwa vyombo vyote, onyo lingekuwa gumu. Je, basi pesa ingepotea bure? Hapana. Vyombo ndivyo vilivyotufundisha kwamba mlima ule unaweza kulipuka namna hiyo, na ndivyo vilivyofuatilia mitetemeko ya siku zilizofuata, wakati wenye mji walipokuwa wakiamua nani ahame. Mwanasiasa huahidi barabara. Mwanasayansi mkweli hawezi kuahidi jibu. Anaweza kuahidi tu kwamba hatutabaki vipofu. Ahadi hiyo ni ngumu kuiuza bungeni, na ikisemwa kwa maneno ya maabara haiuziki kabisa.

Wengine watasema shida ni sheria: iandikwe asilimia, yatakwisha. Nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kulenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Kenya ilikwenda mbali zaidi. Sheria yake ya sayansi ya 2013 inataja asilimia 2, na hazina yake haijawahi kufikisha kiasi hicho. Kwa hiyo karatasi peke yake haitoshi. Inahitaji watu wanaorudi kila Septemba kuuliza.

Na pesa si ya Kinshasa tu. Sheria ya madini ya 2018 hugawa mrabaha wa madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa eneo lenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Maana yake mlango wa kubisha uko pia hapa Lubumbashi, kwenye baraza la mkoa, na hata kwa wakubwa wa maeneo, ambako mambo husemwa kwa Kiswahili. Sioni kizazi kijacho cha Kilwa kitakachoishi kwa shaba iliyokwisha. Kitaishi kwa ziwa, kama litakuwa na samaki.

Ndiyo maana napendekeza kazi moja inayowezekana katika fakulte yetu. Kila maabara ya chuo iandikiwe kurasa mbili za Kiswahili chepesi: wanapima nini, inagharimu kiasi gani, na ni jambo gani hatutalijua kazi ikisimama. Mwanafunzi wa lugha akae na mtafiti, amuulize mpaka amwelewe, kisha aandike. Kurasa hizo zisomwe redioni na sokoni kabla ya kupelekwa kwa mbunge. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika Katiba. Si lugha ya kuombea kura peke yake.

Profesa mmoja akienda peke yake, mbunge atamsikiliza kwa heshima, kisha atafunga mlango. Wavuvi wa jimbo lake wakimuuliza kwa nini samaki hawahesabiwi, atatafuta jibu, kwa maana hao ndio wanaompigia kura. Lakini hawawezi kuuliza jambo ambalo hakuna aliyewaambia kwa lugha yao.