Jikoni ya Noeli katika Meksiko

Ndugu msomaji, mahindi ya bukari yako yana kwao: ni Meksiko. Kule, mbele ya Noeli, jamaa na rafiki wanakutana nyumba moja kufanya tamale. Ukiingia, usikae sawa mgeni, utapewa kazi.

Angalia vile wanafanya. Mahindi yanachemshwa na chokaa safi ya chakula, yanalala usiku, kisha yanaoshwa na kusagwa. Wanakanda ule unga na mafuta ya nguruwe. Kidonge kidogo kikielea juu ya maji, umeiva kwa kazi. Sasa kila mtu anapakaa unga juu ya ganda la hindi lililolowekwa, anatia nyama na pilipili, anafunga. Zinapikwa kwa mvuke zaidi ya saa moja, na masimulizi hayakosi.

Ile chokaa si mchezo. Inafungua vitamini iliyofungwa ndani ya punje. Watu wa Ulaya walichukua mahindi, lakini wakaacha akili ya wamama wa kule. Maskini waliokula mahindi karibu matupu wakashikwa na pelagra, ugonjwa wa ngozi, tumbo na akili. Mganga Gaspar Casal aliuandika katika Spania tangu 1735. Wengi walikufa.

Basi vijana, mkipenda chakula cha wengine, msichukue mbegu tu. Kaeni karibu na mpishi, mwulize: «Mama, hii ni juu ya nini?» Hata mama yako mwenyewe, umwulize angali hai.