Mnara Uliofunikwa na Ukungu

Bwana mmoja na mkewe walitoka mjini Cape Town asubuhi, na kamera yao, kwenda kuitazama minara ya taa iongozayo meli. Walianzia Green Point, penye mnara uliowashwa mwaka 1824, wenye mistari myekundu na myeupe. Hapo picha zilipatikana upesi.

Adhuhuri walipanda kilima cha Cape Point hadi mnara wa kale wa mwaka 1860, zaidi ya meta 200 juu ya bahari. Bibi alimsimamisha mumewe ukutani. Kabla hajapiga picha, ukungu ukawafunika wote, mume na mnara.

Hiyo ndiyo ila ya mnara ule. Wajenzi walitaka taa ionekane mbali, kumbe mawingu huizingira mara kwa mara. Mwaka 1911 meli ya Kireno iitwayo Lusitania (siyo ile ya Waingereza) iligonga mwamba wa Bellows karibu na rasi hiyo, ikaangamia. Ndipo ukajengwa mnara mwingine chini majabalini, meta 87 tu kutoka baharini, ukawashwa mwaka 1919.

Wakateremka kwa kijia kuutafuta. Huko chini hapakuwa na ukungu, na bibi akaipata picha yake.