Siku Mbili za Kungoja Ndege Majuro

Siku hizi safari za mbali si jambo geni kwetu akina mama. Tunawafuata watoto waliohamia nje, tunakwenda kulea wajukuu. Na kila safari ndefu ina mahali pa kungoja ndege nyingine. Wengi wetu hukaa tu kitini, tumekumbatia mkoba, macho kwenye saa. Lakini kungoja nako kunaweza kuwa na faida.

Nilikuwa njiani kwenda Guam kwa binti yangu aliyejifungua. Kutoka Honolulu ndege ile hutua kisiwa baada ya kisiwa katika Bahari ya Pasifiki. Tulipofika Majuro, mji mkuu wa Visiwa vya Marshall, tuliambiwa tungoje siku mbili. Tuliondoka Honolulu Jumamosi asubuhi, na baada ya mwendo wa saa kama tano tukakuta Majuro ni Jumapili, kwa kuwa njiani huvukwa mstari wa tarehe.

Kwanza nilimpigia binti yangu simu asihangaike. Pili nililala, maana mwili uliochoka hauoni kitu. Kesho yake nikajifunga kitenge, kwani huko mwanamke huheshimiwa akifunika mapaja, nikatoka.

Nchi kavu ya Majuro haifiki kilomita za mraba 10. Imejipinda kama pete nyembamba kuzunguka maji tulivu, na mahali pengine ukisimama barabarani unaona bahari kuu upande mmoja na maji ya ndani upande wa pili. Hakuna mto, watu hukinga maji ya mvua. Teksi huokota abiria njiani kama daladala zetu. Na miti ni ile ile ya pwani ya kwetu: mnazi, mshelisheli, mkadi. Sisi mkadi tunaupendea maua yake yanayonukia. Wao husuka majani yake mikeka, vikapu na mapambo, na kazi hiyo huwapa akina mama fedha za matumizi.

Nilijifunza pia kwamba ardhi huko hurithiwa kwa upande wa mama, na kwamba mwaka 2016 Hilda Heine alichaguliwa kuwa Rais, mwanamke wa kwanza kuiongoza nchi hiyo.

Nilinunua kikapu kwa mama mmoja aliyekuwa akisuka, nikamwuliza kwao ni wapi. Alijibu, "Bikini." Kisha akaongeza kwamba hajawahi kukaa huko hata siku moja.

Habari yenyewe ni hii. Mwezi Februari 1946, baada ya ibada ya Jumapili, afisa wa jeshi la majini la Marekani aliwaomba watu wa Bikini wahame kwa muda, ili mabomu ya nyuklia yajaribiwe kwao kwa manufaa ya wanadamu wote. Mwezi uliofuata watu 167 walipakiwa melini. Walikopelekwa kwanza walipata njaa. Mwaka 1948 wakahamishiwa Kili, kisiwa kisicho na maji tulivu ya kuvulia samaki. Kati ya 1946 na 1958 mabomu 67 yalilipuliwa katika visiwa vya Marshall. Lile la tarehe 1 Machi 1954 lilimwaga majivu ya sumu hata juu ya watu wa Rongelap, na miongoni mwao wako akina mama walioharibikiwa mimba. Baadhi ya watu wa Bikini walirudi kwao miaka ya 1970, lakini mwaka 1978 waliondolewa tena kwa sababu sumu ilikuwa bado imo katika udongo na vyakula. Wajukuu na vitukuu vyao wangali wakingoja.

Mama yule alinieleza haya bila kulia, vidole vikiendelea kusuka. Mimi nilikuwa na siku moja tu iliyobaki, na mjukuu wa kupakata mwisho wa safari. Sikuona tena sababu ya kulalamika.

Kwa hiyo dada yangu, safari ikikukwamisha, wajulishe wanaokungoja, pumzika, vaa kwa heshima, kisha utoke. Nunua kitu kidogo kwa mama anayejitafutia riziki. Mwulize kwao ni wapi, na umpe nafasi ya kukujibu mpaka amalize.