Injinia wa Mombo

KIJIWENI kwa wauza kahawa wa Mombo, pale mabasi ya Arusha yanapopunguza mwendo na barabara ya Lushoto inapoanza kupanda mlima, mzee mmoja alizoeleka kwa jina la Baba Injinia. Hakujipa jina hilo. Lilianza kwa mkewe mwaka 2014, siku mtoto wao wa mwisho alipopiga simu kutoka Doha, Qatar, akasema amepata kazi kwenye ujenzi wa stesheni ya treni chini ya ardhi. Mama akauliza, “Kama injinia?” Kijana akacheka, akajibu, “Kama hivyo, mama.” Siku ya gulio watu wote walikuwa wameshapata habari.

Mzee mwenyewe ni mtu wa reli. Alitumika gengi katika njia ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Msomaji asiyeijua kazi ya gengi ajue kwamba hao ndio wanaotembea njia kwa miguu, wakikaza boliti, wakibadili mataruma yaliyochoka, wakishindilia kokoto, na masika wakizibua makalavati ili maji yanayoshuka Usambara yasibebe tuta. Kofia ya stesheni masta hakuwahi kuivaa. Treni ya abiria ilipokoma, akabaki na kajaruba kake ka mpunga na kikohozi.

Basi usiku kijana alipopiga simu, mazungumzo yakawa ya reli.

“Stesheni mnaifukia ardhini kwa nini? Jangwa lote hilo mmekosa pa kuiweka?”

Kijana alimweleza kwamba jangwa lipo, ila katikati ya mji hakuna nafasi. Sehemu inayoitwa Msheireb ina maghorofa na barabara, na hapo njia tatu zilipangwa zikutane. Mji ulikuwa unajengewa stesheni 37, nyingi chini ya ardhi, na mashine 21 zilitumika kutoboa mahandaki. Mzee hakushtushwa na hesabu hiyo. Akauliza jambo moja tu.

“Na maji je?”

Hapo kijana akachangamka. Alisema mvua Doha ni ya kuhesabu, lakini ukichimba mita chache unakutana na maji ya chumvi, maana bahari iko jirani. Wao walichimba shimo la kumeza jengo la ghorofa kadhaa, na maji yakawa yanatafuta kuingia kila upande. Pampu zinanguruma usiku na mchana, mwezi hadi mwezi, hadi sakafu na kuta zimwagwe zege. Hata zege likishakauka, pampu hazizimwi hovyo. Stesheni tupu ni sanduku, na sanduku lililozungukwa na maji husukumwa juu kama mtumbwi. Mainjinia hupiga kwanza hesabu ya uzito wa zege. Uzito ukishayashinda maji, ndipo amri ya kuzima inatolewa.

“Stesheni inataka kuelea!” Mzee alicheka hadi kikohozi kikampata. Yeye alizijua stesheni za garimoshi la mvuke, ambazo bila maji hazikuwa na maana. Injini ilikuwa lazima inywe. Mombo ina mto unaoteremka kutoka Soni. Huko kwa mwanawe waliyakimbiza.

Lakini akiendelea kusikiliza, mzee aligundua kitu. Kijana alijua mlio wa pampu inayokaribia kufa. Alijua mpira unavyoziba kwa mchanga, na jinsi ya kuongeza dizeli saa tisa usiku bila kuimwaga. Kuhusu michoro hakuwa na la kusema. Yule mzee alikuwa amewaona mainjinia wengi wakikagua njia, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na habari za saa tisa usiku.

Akanyamaza, miaka miwili na zaidi. Pengine alikosea, maana jina lile lilikuwa limeanza kuzaa mambo: mara michango ya harusi iliyopangwa kwa kiwango cha injinia, mara ada za watoto wa shangazi. Kijana alituma alichoweza, na paa la bati la nyumba ni lake. Kumvua heshima mtoto anayekesha ugenini si jambo jepesi kwa baba.

Kisha mdogo wake mzee akaja jioni moja na habari njema. Amempata mnunuzi wa jaruba lake la mpunga. Fedha atampa wakala, kijana wake naye aende Doha, akashikwe mkono na kaka yake injinia.

“Umeshapokea fedha?”

“Kesho, kaka.”

Usiku ule mzee alimpigia mwanawe. Hakumgombeza. Alisema, “Baba yako mdogo yuko hapa, nimefungua sauti. Mweleze kazi yako wewe mwenyewe. Mimi najua, lakini si langu kulisema.”

Simu ikawa kimya muda mrefu hadi mama akadhani salio limekwisha. Hatimaye kijana akasema, “Shikamoo, baba mdogo. Mimi nalinda pampu.” Akataja mshahara wake kwa riali, kisha kwa shilingi. Akataja deni la wakala na muda aliotumia kulilipa. Mama aliinuka, akaenda jikoni ambako hakukuwa na kitu motoni.

Jaruba halikuuzwa. Lakini baba mdogo aliondoka bila kuaga, na kwa miezi mingi alikuwa akinywa kahawa upande wa pili wa barabara, akiamini kaka yake hataki mtoto wa mwenzake ainuke.

Mkataba wa kijana ulikwisha mwaka 2018, akarudi. Treni za Doha zilipoanza kubeba abiria Mei 2019, yeye aliziona kwenye simu, akiwa shambani. Desemba mwaka huo huo treni ya abiria ya Dar es Salaam ikarudi njia ya Moshi, na Mombo watu wakatoka kuitazama, hata baba mdogo. Alisimama kando ya kaka yake, akasalimia.

Vuli ile mvua zilikuwa kubwa. Watoto walipungia mabehewa, ila mzee alikuwa ameinama akitazama chini ya tuta.

“Hili kalavati vipi?” akamuuliza mwanawe.

Kijana akachuchumaa, akasikiliza maji. “Limeziba nusu.”

Mzee akasema siku hizi kazi ile ina wenyewe. Kisha akamtuma beleshi.